Wadudu na utitiri wa kiangazi kwenye mboga na matunda ya Mtwara na Lindi: mwongozo kamili

Mvua zikishakatika mwezi wa tano, kazi ya shamba huku kusini hugawanyika mara mbili. Mabondeni, kuanzia Lukuledi hadi Ruvuma na kandokando ya ziwa Rutamba, watu hushuka na ndoo na mashine za maji kulima nyanya, bamia, mchicha, matango na tikiti. Juu, kwenye udongo wa kichanga wa Tandahimba, Newala na Masasi, mikorosho inatoa majani mapya kuanzia mwezi wa sita, kisha maua. Miembe nayo haiko mbali nyuma. Jani changa ni chakula cha kila mdudu anayefyonza, na mvua ya kuwaosha haipo mpaka Novemba au Desemba.

Dawa hazikosekani madukani. Shida ni kwamba dawa iliyobaki ya mikorosho huishia kwenye nyanya, iliyokusudiwa kuua wadudu hupulizwa kwenye utitiri, na ile sahihi humwagwa juu ya jani wakati mlengwa amelala chini yake. Kwa hiyo jicho litangulie bomba.

Panga tarehe kabla ya kupanga dawa

Utitiri, kantangaze (nondo ambaye funza wake hula nyanya) na inzi weupe wote wanapenda joto kavu. Juni hadi Agosti kuna baridi kiasi na wanaongezeka polepole. Kuanzia Septemba joto linapanda na kizazi kipya kinakuja haraka. Nyanya huchukua takribani siku 75 hadi 90 tangu kuhamishwa kitaluni mpaka mavuno yashike kasi. Ukihamisha mwishoni mwa Aprili au Mei, mara maji yanapopungua bondeni, unavuna Julai na Agosti kabla presha ya wadudu haijapanda. Anayehamisha Agosti kwa sababu anafuata bei ya Novemba aingie akijua gharama yake ya dawa itakuwa kubwa, na aongeze siku za ukaguzi.

Jambo la pili ni upepo. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini na kusini mashariki kipindi chote hiki, nao hubeba inzi weupe na utitiri unaoning'inia kwenye nyuzi zake. Bustani mpya iwe upande upepo unakotoka, na ile ya zamani iwe upande unakoelekea. Ukifanya kinyume, kila jioni shamba kuukuu linarusha wadudu kwenye miche yako. Vivyo hivyo kwa miguu: anza kazi kwenye miche michanga, maliza kwenye shamba lililoshambuliwa, kwa sababu utitiri hupanda kwenye nguo na mikono.

Ng'oa mnavu wote ndani na kandokando ya shamba wiki mbili kabla ya kuhamisha miche. Ni mboga nzuri, lakini ni wa ukoo mmoja na nyanya, na hulea utitiri mwekundu pamoja na kantangaze. Ukiutaka kwa chakula, upande mbali na nyanya.

Kukagua

Kagua mara mbili kwa wiki kuanzia Agosti, mara moja kwa wiki kabla ya hapo. Kifaa ni kioo cha kukuzia mara 10. Usipokipata, kamera ya simu ukivuta picha karibu inatosha kwa vingi. Beba pia karatasi nyeupe.

1. Ingia asubuhi, kabla jua halijakali. Tembea kwa mtindo wa zigizaga, usifuate tuta moja.
2. Kwa robo ekari, simama kwenye mimea 20. Mingine iwe ya pembeni, hasa upande wa barabara yenye vumbi, kwa sababu utitiri mara nyingi huanzia hapo.
3. Kila mmea, geuza majani matatu: la juu, la kati na la chini. Angalia upande wa chini wa jani.
4. Kung'uta ncha ya tawi na maua juu ya karatasi. Vidudu vyembamba vya manjano au kahawia vinavyokimbia ni vithiripi. Vidoadoa vinavyotambaa polepole ni utitiri.
5. Andika idadi ya mimea iliyo na mdudu, si wadudu wangapi. "Utitiri 4 kati ya 20, upande wa barabarani" ni taarifa inayotosha kuamua.
6. Funga utepe au kitambaa kwenye mmea ulioathirika ili wiki ijayo urudi palepale uone kama dawa ilifanya kazi.

Hesabu pia wadudu rafiki: buibui, na wale wa mviringo wenye mgongo mwekundu au wa chungwa na madoa meusi. Ukiwakuta wengi kwenye vidukari, subiri siku tatu kabla ya kupuliza chochote.

Utitiri mwekundu

Huyu anastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiye anayemaliza nyanya za Septemba na Oktoba huku mwenye shamba akidhani ni ukame au ugonjwa.

Geuza jani la tatu kutoka chini kwenye mnyanya uliopauka. Karibu na mshipa wa kati utaona vidoa vyekundu, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vingine vimetulia na vingine vinatembea. Kando yake kuna mayai ya mviringo yanayong'aa na maganda meupe ya waliojivua. Juu ya jani kuna vitone vyeupe na vya manjano vingi mno, kila kimoja ni mahali palipofyonzwa. Wakishazidi, hufuma utando kwenye ncha za matawi, jani linageuka kahawia na kukauka likiwa bado limeshika shina. Ukiona utando, umechelewa. Mmea huo ng'oa.

Utitiri una miguu minane, upo karibu na buibui kuliko na wadudu. Dawa nyingi za wadudu haziugusi. Zile za jamii ya pairethroidi, kama sipamethrini na lambda-sihalothrini, zinaharibu zaidi: zinaua wadudu rafiki na utitiri mwindaji unaokula ule mwekundu, halafu ule mwekundu unabaki bila adui. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 yai linafika utu uzima ndani ya siku 7 hadi 10, na jike mmoja hutaga mayai mengi, hata zaidi ya 100. Ndiyo maana mtu hupuliza dawa ya mikorosho Jumatatu, na baada ya wiki mbili shamba ni la kutu.

Hatua zenyewe:

Mmea mmoja au miwili ikionekana, kata majani yaliyoathirika, yaweke kwenye mfuko palepale ulipo na uufunge. Usiyabebe mkononi kupita katikati ya shamba. Yachome au yafukie.

Wakifika mimea minne kati ya 20, puliza. Anza na maji na sabuni. Chukua gramu 80 hadi 100 za sabuni ya mche, ikune, iyeyushe kwenye lita moja ya maji ya moto, kisha jaza bomba la lita 16. Sabuni ya unga usitumie, inaunguza majani. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu tu, haiachi sumu nyuma, kwa hiyo usipolowesha chini ya jani hujafanya kitu. Rudia kila baada ya siku 4 au 5, mara tatu, ili kuwapata wanaototolewa. Jaribu kwanza kwenye mimea mitatu na usubiri siku mbili uone kama majani yataungua.

Hapa kuna kikwazo cha pwani. Maji ya visima vingi karibu na bahari ni ya chumvi au magumu, na sabuni hukatika ndani yake: badala ya povu unaona vipande vyeupe vinaelea. Sabuni iliyokatika haiui kitu na inaziba nozeli. Jaribu kwenye chupa ya maji kabla hujamaliza mche mzima. Povu likigoma, tafuta maji ya bomba au ya mvua yaliyohifadhiwa, au hamia kwenye salfa.

Salfa ni dawa nzuri ya utitiri na bei yake ni ndogo, lakini angalia ni ipi. Ile ya vumbi inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ukungu wa ubwiriunga haichanganyiki na maji. Ukiitia kwenye bomba inaelea juu, kisha inaziba nozeli. Unahitaji salfa ya kuchanganya na maji, ambayo kwa kawaida huandikwa asilimia 80. Lebo nyingi huelekeza gramu 2 hadi 3 kwa lita, yaani gramu 32 hadi 48 kwa bomba la lita 16. Ikoroge kwanza na maji kidogo iwe kama uji, ndipo uimimine kwenye bomba lililojaa nusu. Salfa ina masharti mawili ambayo watu huyapuuza. Joto likizidi nyuzi 32 inaunguza majani, kwa hiyo Oktoba na Novemba ni alfajiri au jioni tu. Na usiipulize ndani ya wiki mbili kabla au baada ya dawa yenye mafuta, yakiwemo mafuta ya mwarobaini. Matango na tikiti huungua nayo kwa urahisi. Jaribu miche michache kwanza.

Hali ikizidi, tumia dawa maalumu ya utitiri. Abamektini ndiyo inayopatikana zaidi. Inapenya ndani ya jani, ni sumu kali kwa nyuki na samaki, kwa hiyo iwe jioni na mbali na mto. Usiitumie zaidi ya mara mbili mfululizo.

Mambo yanayoleta utitiri bila mtu kujua: urea nyingi, maana jani laini lenye naitrojeni linawazalisha haraka, vumbi la barabara, na mmea wenye kiu. Mwagilia kwa wakati, na mimea ya pembezoni mwa barabara ioshe kwa maji chini ya majani asubuhi mara moja kwa wiki.

Kuna utitiri mwingine usioonekana hata kidogo kwa jicho, unaokaa kwenye ncha changa za pilipili na mipapai. Majani mapya yanatoka membamba, magumu, yamejikunja kuelekea chini, na upande wa chini una rangi ya shaba. Watu wengi husema ni virusi na kung'oa shamba zima. Kabla ya kung'oa, puliza salfa kwenye ncha za mimea mitano. Majani yanayofuata yakitoka sawasawa, ulikuwa utitiri. Nyanya zinazogeuka rangi ya shaba kuanzia chini ya shina kwenda juu, bila utando wala vidoa vyekundu, zina utitiri wa aina ya tatu. Tiba ni ileile.

Kantangaze

Kantangaze aliripotiwa Tanzania mwaka 2014. Ni nondo mdogo wa kijivu. Anayekula ni funza wake. Jike hutaga mayai hadi 260, na kwa joto la hapa mzunguko mzima ni wiki nne hivi.

Shika jani lenye baka jeupe uliinue kuelekea jua. Ukiona ndani ya baka pana funza wa kijani mwenye kichwa cheusi na kinyesi cheusi kimerundikana pembeni, ni yeye. Ukiona mchirizi mwembamba unaozunguka zunguka kama maandishi, huyo ni mdudu mwingine mchoraji majani, asiyegusa matunda, na kwa kawaida hahitaji dawa. Kwenye tunda kantangaze huacha tundu dogo karibu na kikonyo, na baada ya hapo tunda linaoza.

Mtego wa beseni:

1. Nunua kivutio cha kantangaze duka la pembejeo. Uliza kilihifadhiwa wapi. Kinatakiwa kukaa kwenye baridi.
2. Jaza maji kwenye beseni pana, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kula au sabuni ya maji ili nondo azame.
3. Ning'iniza kivutio kwa waya, sentimita 2 hadi 3 juu ya maji. Usikishike kwa vidole vyenye dawa au tumbaku.
4. Weka beseni chini, usawa wa goti au pungufu. Nondo huyu huruka chini.
5. Ongeza maji kila siku mbili, badilisha kivutio kila baada ya wiki 4 hadi 6.

Mtego mmoja kwa robo ekari unatosha kukuambia kama wamekuja. Mitego 4 au 5 kwa robo ekari inaanza kupunguza madume. Mtego peke yake hautakuokoa. Jike aliyepandwa kwingine anaingia na mayai yake. Ukikamata zaidi ya nondo 30 kwa wiki kwenye mtego mmoja, kagua majani kesho yake na ujiandae kupuliza.

Chuma majani yenye mabaka na matunda yenye tundu kila wiki. Yaweke kwenye mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa, uache juani siku kadhaa. Ukiyatupa pembeni ya shamba, funza anatoka, anaingia ardhini, na wiki inayofuata ni nondo.

Kwenye dawa, pairethroidi hazimwezi tena. Zinazofanya kazi ni klorantraniliproli (kundi la 28), spinosadi (kundi la 5), emamektini na abamektini (kundi la 6), na dawa ya bakteria wa Bt (kundi la 11) kwa funza wadogo. Namba ya kundi huandikwa kwenye lebo nyingi, na ndiyo ya kuitazama unapobadilisha. Aliyetoka abamektini akaingia emamektini anadhani amebadilisha dawa. Amebadilisha chupa tu. Tumia kundi moja kwa wiki nne, yaani kizazi kimoja, kisha hamia kundi jingine.

Inzi weupe, vidukari, vithiripi

Inzi weupe hawaogopwi kwa kufyonza kwao. Wanaeneza ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta: majani ya juu yanajikunja, yanakuwa ya manjano pembeni, mmea unadumaa. Mnyanya ulioshikwa kabla ya kutoa maua hauzai, na hakuna dawa ya kuuponya. Kwa hiyo vita vyote ni kitaluni na katika wiki sita za mwanzo. Funika kitalu kwa neti ya bustani yenye matundu madogo. Chandarua cha mbu kinazuia nondo, lakini inzi mweupe anapita; bora kibaki kitandani. Ng'oa mmea wenye rasta mara unapouona, lakini upulize kwanza maji ya sabuni ili inzi wake wasihamie jirani.

Vidukari kwenye kunde, bamia na mchicha: maji ya sabuni, au kata ncha. Mchicha unavunwa wiki ya nne, hauna nafasi ya dawa kali.

Vithiripi hujificha ndani ya maua ya pilipili na bilinganya. Kadi za bluu zenye gundi huwavuta, za manjano huvuta inzi weupe na vidukari. Spinosadi inawaweza, jioni nyuki wakiwa wamerudi.

Mwarobaini

Huku miti yake imejaa, na bado watu wanachemsha majani. Nguvu ipo kwenye kokwa. Okota matunda ya manjano, ondoa nyama, osha, anika kivulini mpaka kokwa zikauke. Zenye ukungu tupa. Twanga gramu 50 za kokwa kwa kila lita ya dawa, yaani gramu 800 kwa bomba la lita 16. Funga kwenye kitambaa, loweka usiku kucha kwenye lita 5 za maji, kamua, chuja mara mbili, jazia maji mpaka lita 16 na uongeze vijiko vitatu vya chai vya sabuni ya maji. Puliza siku hiyohiyo, jioni, kwa sababu jua linaivunja nguvu. Haiangushi mdudu papo hapo. Inamzuia kula na kujivua. Asiyejua hilo hurudi asubuhi, akaona wadudu wanatembea, akaongeza sumu juu yake. Subiri siku tano ndipo uhukumu. Inafaa kwa inzi weupe, vidukari na viwavi wachanga. Kwa utitiri uliokwisha kufuma utando haitoshi.

Kupima bomba na kuchanganya

Nunua dawa yenye namba ya usajili ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) na lebo inayosomeka. Mstari wa rangi chini ya lebo unaonyesha ukali: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu, na kijani. Kwenye mboga za kuliwa karibuni, tafuta kijani au bluu. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya zinazochumwa kila siku tatu haziwezi kupata dawa ya siku 14.

Kizibo cha chupa si kipimo, kila chupa ina kizibo chake. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, tupa sindano, liandike "shamba" na lisirudi nyumbani. Kisha:

1. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Tia maji matupu lita 10 kwenye bomba.
2. Puliza eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, chini na juu ya majani.
3. Pima maji yaliyobaki. Ukitumia lita 4, ekari moja itachukua takribani lita 160, sawa na mabomba 10 ya lita 16. Sasa unajua ununue dawa kiasi gani.
4. Wakati wa kuchanganya: maji nusu bomba, dawa ya unga iliyokorogwa, kisha dawa ya maji, jazia, na sabuni au kigandishi mwisho ili povu lisikusumbue.
5. Nozeli iangalie juu, mkono wa bomba upite chini ya majani. Tone likianza kudondoka, umetosheleza. Zaidi ya hapo ni dawa ya ardhi.

Nozeli iliyoliwa hutoa matone makubwa na kumaliza dawa haraka. Bomba likitumia robo zaidi ya kawaida kwa eneo lilelile, badilisha nozeli. Vaa glavu, buti, barakoa na nguo ya mikono mirefu, puliza ukielekea kando ya upepo, usioshe bomba mtoni.

Mikorosho: mbu na maji moto

Ubwiriunga ni ukungu na una ratiba yake ya salfa. Hapa ni wadudu. Mbu wa mikorosho hufyonza vichipukizi, majani machanga na maua. Alipochoma pana doa jeusi la pembepembe, mara nyingi na utomvu, na doa zikishaungana ncha nzima inakauka kana kwamba imepitiwa na moto. Mwenzake, kunguni yuleyule anayeangusha nazi changa, hutoboa korosho changa: unaona shimo jeusi lililobonyea, korosho inasinyaa, na zinazokomaa zina madoa ndani.

Kagua kila wiki kuanzia majani mapya yanapotoka. Miti 10 shambani, kila mti vichipukizi vya pande nne. Nenda asubuhi mapema au jioni, mchana wa jua kali wanajificha.

Kabla ya dawa, tazama juu. Majani yaliyoshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe ni viota vya maji moto, wale sisimizi wa rangi ya chungwa wanaouma. Wanawinda mbu wa mikorosho na kunguni huyo, na mti wenye viota vingi mara nyingi hauhitaji dawa ya wadudu. Kuwapuliza ni kufukuza walinzi. Unaweza hata kuwahamisha:

1. Thibitisha kundi. Peleka sisimizi wachache kutoka mti mmoja hadi mwingine kwa jani; wakipigana, ni makundi tofauti, usiyachanganye.
2. Kata viota vingi vya kundi moja alfajiri au usiku, vitie kwenye mfuko uliofungwa vizuri.
3. Vifunge kwenye panda za mti mpya siku hiyohiyo. Chagua mti usio na sisimizi wadogo wa kahawia wengi shinani, maana hao huwafukuza.
4. Unganisha miti ya jirani kwa kamba tawi kwa tawi, ili wasilazimike kushuka chini.

Malalamiko ni kuumwa. Kwenye korosho hayana uzito sana, kwa kuwa korosho huokotwa ikishaanguka. Kwenye miembe, pakaa majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda.

Ikibidi kupuliza, lenga vichipukizi vya nje, mapema asubuhi kabla nyuki hawajafika kwenye maua, na miti yenye viota iruke. Mtafiti yupo karibu: TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, Mtwara, ndiyo inayotoa orodha ya dawa na vipimo vya korosho kila msimu kupitia kwa maofisa ugani.

Inzi wa matunda

Embe ikianza kunenepa, na tikiti na tango zikishafunga matunda, inzi anatoboa ngozi na kutaga ndani. Ukiona funza umekwisha kupoteza tunda hilo. Kinachobaki ni kumzuia kwenye yanayofuata.

Mtego wa chupa: chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa matundu manne ya upana wa kidole kwenye theluthi ya juu, ning'iniza ndani kivutio pamoja na kipande chenye dawa ya kuua, funga kizibo. Kwa embe kivutio ni methili yujinoli. Kwa jamii ya matango ni kyulua, kingine kabisa, na anayetumia cha embe kwenye tikiti hukamata inzi wasiomhusu. Ning'iniza kwenye kivuli ndani ya mti, mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, na upake grisi kwenye waya ili sisimizi wasile mizoga. Vivutio hivi vinaita madume tu. Majike hupatikana kwa chambo cha protini kilichochanganywa na dawa, kinachopulizwa sehemu ya mita moja ya mraba tu ya majani ya kila mti, chini ya matawi, kila wiki kuanzia wiki 6 hadi 8 kabla ya mavuno. Mvua ikinyesha, rudia.

Tikiti na matango machache ya nyumbani yafungie kwenye karatasi ya gazeti au mfuko wa nguo wiki moja baada ya ua kuanguka.

Yaliyoanguka okota kila siku mbili. Chimba shimo la nusu mita au zaidi, mimina, funika udongo na uushindilie. Shimo fupi inzi anatoka. Au yafunge kwenye mfuko mweusi juani kama ulivyofanya kwa kantangaze. Mbuzi na nguruwe wanaweza kuyala, ila yasilale chini usiku kucha yakiwasubiri. Mapapai yenye unga mweupe wa vidung'ata hayaingii hesabu hii: hayo osha kwa maji ya nguvu na sabuni, kata majani yaliyolemewa, na uwazuie sisimizi wanaowalinda kwa grisi shinani.